Kura za Kinu
Sehemu ya Tisa

Mlango uligongwa mara tatu, nanyi mkaulizana wiki nzima ni nani. Haya, presha zishuke. Ni Diwani Zenon.

Yeye mwenyewe, na suti yake, na viatu ambavyo hata vumbi la Sumbawanga linaviheshimu. Ni diwani wa kata ya kijijini, upande wa Kate, anayelala mtaa wa Malangali, mjini. Wapiga kura wake hupaswa kumwona mara mbili: anapokuja kuomba na anapokuja kushukuru. Ile ya kushukuru huwa anasahau.

Ndani alikuwamo Evodia peke yake, mchapaji wa gazeti la Upepo wa Mbizi. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la Cornelia, fundi cherehani: taipureta, mashine ya kudurufu, kiti kilichovunjika.

Na gunia.

Kwa aliyechelewa na hana jirani wa kumsimulia: mageuzi yameingia, vyama ni vingi, na Jumapili hii ni uchaguzi wa diwani. Mhariri Flavian, mwalimu aliyeacha chaki akashika kalamu, alichapa gazetini karatasi ya kura ya mfano ili watu wajifunze kuweka alama ya vema. Kwa kuogopa mahakama hakuweka alama ya chama chochote cha kweli. Alichora mtungi na kinu. Mtungi, mambo yakae yalivyo. Kinu, yatwangwe upya.

Watu wakajifunza kupita kiasi.

Walikata karatasi zile, wakaweka vema. Na kwa kuwa tangu enzi za foleni ya sukari hakuna karatasi iliyopata kupokelewa bila jina, kijiji na balozi wa nyumba kumi, waliandika jina, kijiji na balozi wa nyumba kumi. Wengine waliongeza na sababu, nyuma ya karatasi. Kisha wakamkabidhi kondakta wa basi alete mjini. Kura ya siri, yenye jina na anwani!

Karatasi hizo ndizo zilizomo guniani, na humo limo jina la Mzee Nyanda, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kijiji kimoja cha kata ya Zenon miaka tisa iliyopita, akapewa ruhusa ya kukaa "kwa muda". Amechagua kinu. Zenon naye anaitaka mbuga ya malisho ya kijiji kile kwa ajili ya mwekezaji ambaye sura yake hajaiona mtu. Jina la Nyanda likisomwa, ruhusa imekwisha, na mvua za kwanza zitaikuta familia nzima njiani na ndama mgongoni.

Na Kabula, binti wa Nyanda, ameolewa na Meshack, kaka yake Evodia.

Ndiyo maana Evodia alikuwa amelikalia gunia kama kuku aliyetamia.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, binti. Mbona hunyanyuki?"

"Miguu, mheshimiwa. Baridi ya leo imeingia kwenye mifupa."

"Umekalia nini?"

"Ulezi wa mama."

Zenon aliligusa gunia kwa ncha ya kiatu. Gunia likalia chakacha.

"Ulezi gani unalia kama karatasi?"

"Wa mwaka huu. Jua lilikuwa kali."

Diwani akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri sana. Ndicho kilichomweka madarakani miaka kumi. Alikuwa anainama kushika mdomo wa gunia mlango ulipofunguliwa tena, akaingia Flavian.

Evodia akapumua. Huyu ndiye mtu aliyeandika ukurasa wa kwanza kwamba mwananchi si mbuzi wa kuswagwa. Huyu ndiye aliyelala ndani siku mbili kwa ajili ya habari ya madaftari ya shule. Sasa diwani atajua leo ni siku gani.

"Ah, mheshimiwa, umeshafika!" alisema Flavian. "Evodia, mpe mgeni kiti."

"Kiti kimevunjika, mwalimu."

"Basi mpe gunia."

Msirudie kusoma, mmesoma sawasawa. Alisema mpe gunia.

"Mwalimu?"

Flavian alikuwa anaitazama mashine ya kudurufu kana kwamba ndiyo iliyouliza. "Gazeti letu halijasajiliwa, Evodia. Unajua. Wakati wowote wanatufunga. Mheshimiwa ametuandikia barua nzuri ya utambulisho, naipeleka Dar es Salaam mwenyewe. Gazeti likifa, watu wale watasemewa na nani?"

"Kwa hiyo unawatoa ili upate kuwasemea."

"Usiwe mkali. Mageuzi yana gharama zake."

"Mbona gharama inalipwa na Mzee Nyanda, wewe unachukua risiti?"

Mwalimu alitoa leso, akaanza kufuta wino vidoleni.

"Nalitaka lote," alisema Zenon. "Hata karatasi moja isipungue."

Flavian aliipokea barua, akaisoma, akaigeuza. "Haina muhuri."

"Muhuri uko kwenye gari."

"Twende tukagonge."

"Kaa tu, naleta."

"Twende wote, mheshimiwa. Uwazi ni jambo jema."

Wakatoka wote wawili, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni kwa adabu kubwa, maana hakuna aliyetaka mwenzake abaki nyuma yake. Hivyo ndivyo washirika wanavyoaminiana.

Evodia hakungoja waufikie ufunguo wa gari. Alizungusha ngata, akajitwisha gunia, akajifunga kitenge cha pili juu ya sweta, akatokea dukani kwa Cornelia.

"We Evodia, unahama?" aliuliza Cornelia, pini mdomoni.

"Nahamisha."

Ukitaka usionekane Sumbawanga, usihangaike na waganga, wanakudanganya. Vaa kitenge, weka gunia kichwani. Basi, umetoweka. Evodia alipita ubavuni mwa gari lile lile walimokuwa wameinamia barua. Zenon aliinua kichwa, akamtazama usoni kabisa.

"Sogea, mama, unatuzibia mwanga."

Akasogea. Akasogea mpaka stendi, akapanda lori la maharage lililokuwa linarudi tupu, na saa nane mchana akashushwa kijijini, amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Kabula ndiye aliyemwona kwanza, mtoto mgongoni, ndoo mkononi.

"Wifi! Umekuja na gunia, leo tunakula?"

"Leo tunachoma. Meshack yuko wapi?"

"Amekwenda kukata majani. Mbona sura hiyo? Mjini wamekufukuza?"

"Nipeleke kwa baba yako. Haraka, wifi yangu, nitakuchekesha siku nyingine."

Mzee Nyanda alikuwa kwenye boma, anamkagua ndama kwato. Kijijini mtu akiingia na gunia kutoka mjini hafiki mbali peke yake. Nyuma ya Evodia walikuwa wameshaunga watu thelathini, na walizidi kuja. Silvana, jirani wa Kifipa mwenye shamba la ulezi linalopakana na boma, alikuja na mchi wake mkononi, hakutaka kukosa hata salamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unahema kama umeiba ndama."

"Nimeiba kweli. Nimeiba kura zenu. Diwani anazitaka, na majina yenu yamo humu. Leteni moto, baba. Tuchome sasa hivi."

Hakuna aliyekwenda kuleta moto.

"Nichome kura yangu?" aliuliza Nyanda taratibu. "Mwanangu, miaka tisa naitwa mikutanoni. Nyanda, changia shule. Nyanda, changia barabara. Nyanda, toa fahali, wakubwa wanakuja. Hakuna aliyewahi kuniuliza, Nyanda, wewe mwenyewe unataka nini? Karatasi ile ndiyo ya kwanza. Nimeipigia vema kwa mkono wangu. Nisiichome."

"Utapiga nyingine, baba. Ya kweli. Jumapili."

"Jumapili nawashusha ng'ombe bonde la Rukwa. Huku juu majani yamekwisha."

"Jumapili ndiyo kura!"

"Tena? Mtu anapiga mara ngapi? Au ndiyo vyama vingi vyenyewe, kila chama na siku yake?"

Watu wakacheka. Evodia hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, na baridi iliyompata haikuwa ya Sumbawanga.

"Dada Silvana, wewe Jumapili utakuwa wapi?"

"Kate, kwenye ubatizo. Karibu kijiji kizima tunakwenda. Kura si tumeshapeleka kwa basi?"

Mmeona? Gunia zima la watu wanaotaka mageuzi, na Jumapili nusu wako bondeni na ng'ombe, nusu wako Kate wanakula pilau.

"Sikilizeni," alisema Evodia, na sauti ikamkatika. "Ile haikuwa kura. Ilikuwa mazoezi. Kulikuwa na mstari wa mwisho: karatasi hii ni ya kujifunzia, usiitume popote. Mwalimu aliuandika. Mimi ndiye niliyepiga taipu. Stensili ilikuwa imejaa, mstari mmoja ukawa hauingii. Nikauacha."

"Ukauacha," alisema Nyanda.

"Nilidhani kila mtu anajua."

"Kila mtu nani?"

Hapo Evodia angependa kupigwa makofi kuliko kujibu. Mzee hakupandisha sauti. Alimwachia ndama mguu, akajifuta mikono kwenye shuka lake.

"Nilimwita mjukuu anisomee karatasi ile mara tatu," alisema. "Nilioga kabla sijaweka vema. Kumbe mlikuwa mnatuchezesha."

Mngurumo wa gari ndio uliomwokoa, kama kuingia motoni ukitoka kwenye maji ni kuokoka. Gari lilisimama kando ya boma. Akashuka Zenon, akafuata Flavian, barua mfukoni, macho chini.

Evodia alilikumbatia gunia. Alitegemea matusi. Alitegemea mgambo.

Zenon akavua kofia.

"Ndugu zangu! Nimekuja kuwashukuru."

Akaipunga kofia ile.

"Nchi nzima inangoja Jumapili. Ninyi peke yenu mmepiga kura mapema! Gazeti limewaletea karatasi, mmejaza, mmetuma. Gunia lenu lile pale, salama, limeletwa na karani mwenyewe. Nitalipiga lakiri mbele ya macho yenu. Jumapili nendeni bondeni, nendeni ubatizo, pumzikeni. Kazi mmeimaliza."

Watu walipiga makofi. Ndiyo, walimpigia makofi.

Ndipo Evodia alipoelewa, na akatamani asielewe. Zenon hakuwa na haja ya jina hata moja. Alilitaka gunia alizungushe hapa, watu walione, watulie nyumbani. Na nani amelileta mpaka bomani, akalitua katikati ya kijiji? Yeye, kwa shingo yake mwenyewe.

"Uongo!" alipiga kelele. "Si kura hizi!"

"Si kura?" Diwani alitoa gazeti mfukoni, akamnyooshea Silvana. "Mama, wewe umesoma. Tafuta humo palipoandikwa kwamba si kura."

Silvana alisoma, midomo ikimtembea. Alisoma mpaka chini. Akageuza nyuma. "Hapakuandikwa."

"Gazeti halisemi uongo, au vipi, Mwalimu Flavian?"

Flavian alikohoa.

"Lakini mimi ni mtu wa haki," aliendelea Zenon, akisogea karibu na Evodia kama baba anayemshauri bintiye. "Karani aseme mwenyewe. Zikiwa kura, ni siri. Nazipiga lakiri, hakuna atakayejua nani alichagua nini mpaka dunia iishe. Zikiwa si kura, basi ni barua za wasomaji. Na barua za wasomaji, mwalimu, huwa mnazifanyaje?"

"Mheshimiwa..."

"Huwa mnazifanyaje?"

"Tunazisoma hadharani," alisema Flavian, akiiambia samadi ya bomani.

Sasa niambieni, ninyi mnaomwita Evodia mjinga kila wiki, mngesema nini? Aseme ni kura: majina yamelala salama, na Jumapili Zenon anapita bila jasho, mbuga inakwenda kwa mwekezaji, Nyanda anahama. Aseme si kura: watu watakwenda kupiga, lakini Nyanda anasomwa leo hii, mbele ya mtu atakayemhamisha.

Evodia alimtazama mzee. Mzee alimtazama yeye, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemruhusu mgeni aondoke.

"Si kura, baba," alisema Evodia. "Jumapili nendeni. Wote. Ahirisheni hata ubatizo."

Makofi yalikwisha. Zenon hakukasirika. Alifungua gunia, akaingiza mkono kama mtu anayechagua embe, akatoa karatasi.

"Nyanda Mboje. Kinu."

"Nipo," alijibu mzee, akasimama wima.

Hakuna mwingine aliyesimama.

"Silvana Sunzu. Kinu."

Silvana aliutazama mchi wake. "Akina Silvana tuko wengi," alisema. Hata mbuzi hawakuamini, maana mwenye jina hilo kijiji kizima ni yeye.

Nyanda alimtazama jirani yake wa miaka tisa.

Karatasi ya tatu Zenon aliisoma kwanza kimya. Nyusi zikapanda. Kile kicheko kizuri kikarudi, polepole, kama mtu aliyekuta nyama ndani ya mchicha.

"Hii ni ya mtungi. Afadhali, mnaona na mimi nina watu wangu. Na ina sababu nyuma." Akasoma kwa sauti ya mimbarini. "Wenye ng'ombe waondolewe mbugani tupate pa kulima mahindi. Wamekaa vya kutosha. Sisi ndio wenyeji. Jina, Meshack."

Akataja na jina la baba. Akataja na balozi. Hakuna Meshack mwingine wa balozi yule.

Ndama alilia. Mtoto mgongoni mwa Kabula naye akaanza.

"Mkwe wangu?" aliuliza Nyanda, kama mtu anayeuliza njia. "Jana usiku alikula hapa."

Kabula alimhamishia mtoto Silvana, bila kuomba, akaenda mpaka kwa diwani, akanyoosha mkono. Zenon alimpa karatasi kwa heshima zote, vile mtu anavyompa mwenzake sumu kwenye kikombe cha chai.

Kabula alisoma. Akasoma tena.

"Huu si mwandiko wa mume wangu," alisema. "Kalamu ya Meshack inaishia kwenye jina lake. Hawezi kuandika hata mstari mmoja."

Umati ukaguna. Flavian aliinua kichwa, mara ya kwanza tangu afike. "Imeghushiwa!" alisema. "Mheshimiwa, hii ni hujuma!"

"Imeghushiwa, mwanangu?" aliuliza Nyanda, na matumaini yaliyokuwa kwenye sauti ile yalikuwa mabaya kuyasikia.

"Hapana, baba," alisema Kabula. "Mwandiko naujua. Barua yake ninayo kwenye sanduku, nimeitunza miaka minne. Ndio huu huu ulioandika barua ya kuniposa."

Akageuka.

"Wifi."

Evodia alitamani gunia limmeze.

"Alikuja mjini siku ya gulio," alisema. "Yeye alisema, mimi nikaandika. Akaondoka nayo, nikajua ataitupa. Gunia lilipokuja nimeitafuta siku mbili, Kabula. Siku mbili, sikuipata."

"Alisema, ukaandika. Kama ile ya posa."

"Kama ile."

"Na neno moja hukumwambia?"

Evodia aliukunja mdomo wa gunia.

"Ndiyo maana ulitaka moto," alisema Mzee Nyanda.

Nyuma ya boma ulisikika mluzi, wa mtu asiye na wasiwasi na dunia. Umati ukapasuka katikati, ukaacha njia. Akaingia Meshack, jasho usoni, panga kiunoni, na mzigo wa majani mabichi begani, majani aliyoyahangaikia tangu alfajiri kwa ajili ya ndama wa baba mkwe wake.

"Vipi, mbona mmejaa hivi?" alisema, akiutua mzigo miguuni pa mzee. "Nani amefiwa?"